Afya ya Mama Mjamzito Isiachiwe Walanguzi wa Chupa

Mtu atokaye Mnazi Mmoja akashika Barabara ya Uhuru hadi Msimbazi, kisha akapinda kuingia Kariakoo, hupita mbele ya maduka ya dawa, meza za wachuuzi na vipaza sauti visivyonyamaza tangu asubuhi hadi magharibi. Kimoja cha vipaza sauti hivyo, siku niliyopita mimi, kilikuwa kikiwatangazia akina mama habari za chupa. Chupa hiyo, kwa maneno ya kipaza sauti, huongeza damu, huondoa kichefuchefu, hunyoosha mgongo, na humfanya mtoto azaliwe na uzito mzuri na akili nyepesi; na mwenye kununua mbili hupewa ya tatu kwa nusu ya bei. Mama mmoja mjamzito, kadi ya kliniki mkononi, alisimama akasikiliza. Akafungua kipochi, akahesabu noti zake, akakifunga. Akaenda meza ya jirani akanunua vijiti vya pemba, ule udongo uliofinyangwa na kukaushwa, akaanza kutafuna kimoja huku akiondoka.

Mama yule amedhulumiwa. Na waliomdhulumu si mchuuzi wa chupa peke yake, maana mchuuzi ni kama nzi: hatui pasipo na kidonda. Kidonda cha kwanza ni rafu tupu katika zahanati, pale panapotakiwa kuwapo kidonge cha mjamzito. Kidonda kingine ni kasumba iliyotukaa sisi tuliosoma, ya kuamini kuwa kitu kilichofungwa ndani ya chupa yenye maandishi ya kigeni ndicho chenye nguvu, na kitolewacho bure na Serikali ni cha maskini.

Yapo mambo ambayo wakazi wengi wa jiji hili hawayajui, ingawa yalifanyika mlangoni mwao. Kati ya Aprili 1995 na Julai 1997, wataalamu wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliwaandikisha wajawazito 1,075 wa Dar es Salaam waliokuwa na virusi vya UKIMWI. Siku zile dawa za kufubaza virusi hazikuwa zikimfikia mwananchi wa kawaida, na mama aliyeambiwa majibu yake alirudi nyumbani na majibu hayo tu. Baadhi ya akina mama hao walipewa vidonge vyenye vitamini za kundi B pamoja na C na E. Baadhi vitamini A. Baadhi vyote kwa pamoja. Na waliosalia walipewa kidonge kisicho na kitu, ili pawepo kipimo cha kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la tiba la Lancet. Miongoni mwa waliomeza B, C na E, vifo vya watoto tumboni vilipungua kwa asilimia 39, na watoto waliozaliwa na uzito pungufu walipungua kwa asilimia 44. Kwa vidonge vya vitamini, ndugu msomaji, si kwa mtambo wa mamilioni.

Ndipo likaulizwa swali la haki: je, na mama asiye na virusi? Kati ya mwaka 2001 na 2004 wakaandikishwa wajawazito 8,468 wa jiji hili hili. Wote walipewa madini chuma na foliki asidi, kama ilivyo desturi ya kliniki. Nusu yao wakaongezewa vitamini zile. Taarifa ilitoka mwaka 2007 katika New England Journal of Medicine. Watoto waliozaliwa na uzito wa chini ya gramu 2,500 walikuwa asilimia 9.4 kwa akina mama wasioongezewa vitamini, na asilimia 7.8 kwa walioongezewa. Uzazi wa kabla ya wakati na vifo vya tumboni havikupungua kwa kiasi cha kutegemewa, nami sitamficha msomaji jambo hilo, maana kulificha ingekuwa kuingia katika biashara ile ile ya kipaza sauti.

Najua atatokea msomi wa kusema kwamba tofauti ya asilimia moja na nukta sita ni ndogo. Mwalimu Mkuu mwenye shule ya watoto 1,000 na akae ofisini mwake afanye hesabu: ni watoto 16. Watoto 16 ambao wangezaliwa na uzito pungufu, na mtoto azaliwaye na uzito pungufu huanza safari yake akiwa nyuma, huugua upesi, na yu hatarini zaidi kudumaa. Mwalimu huwaona watoto hao kila siku akidhani ni wazito wa kuelewa. Huwapigia mstari mwekundu kwenye daftari, naye hajui kwamba kosa lile liliandikwa kabla mtoto hajazaliwa.

Sasa lije swali la kisiasa, maana sayansi isiyoulizwa swali la kisiasa huishia kabatini. Ni nani waliotoa miili yao ili dunia ijue haya? Ni wanawake wa Dar es Salaam, waliopanda mabasi kwenda kliniki kwa maelfu, wakatolewa damu, wakameza vidonge ambavyo vingi vyao havikuwa na kitu. Wao ndio wakulima wa zao hili. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yameshaunda mwaka 1999 kidonge kimoja chenye vitamini na madini ya aina 15 kwa ajili ya wajawazito wa nchi zinazoendelea, na gharama ya kununua kwa jumla vidonge vya kumtosha mama mimba nzima haizidi sana dola 3 za Kimarekani. Shirika la Afya Duniani lilisitasita. Mwongozo wake wa 2020 ulikiruhusu kidonge hicho katika mazingira ya utafiti tu, na mwaka uliofuata, 2021, likakiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Kusitasita kwa watu wa Geneva naweza kukuelewa. Kusitasita kwetu sisi, ambao shamba lilikuwa letu na wakulima walikuwa mama zetu, ndiko kunakonishinda. Miaka yote hiyo mwendo wetu umekuwa wa kinyonga, na wakati huo vitamini hizo hizo zimekuwa zikiuzwa Kariakoo kwa mke wa mwenye nazo. Mkulima alime, mlanguzi avune: tuliupinga utaratibu huo katika pamba na kahawa, na sioni kwa nini tuuvumilie katika damu ya mzazi.

Hata hivyo asije mtu akanielewa vibaya, akatoka hapa kwenda kununua chupa tatu. Utafiti wa jiji hili hili umetufundisha pia upande wa pili, nao ni upande ambao mwenye kipaza sauti hatautaja kamwe. Vitamini A iliyotolewa kwa akina mama wale wenye virusi haikuwafaa kitu katika uzazi, na taarifa ya mwaka 2002 ikaonyesha kwamba iliongeza maambukizi ya virusi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Baadaye wagonjwa 3,418 wa Dar es Salaam walioanza dawa za kufubaza virusi walipewa vitamini, wengine kwa kipimo cha kawaida na wengine kwa kipimo kikubwa. Kipimo kikubwa hakikuleta nafuu yoyote ya ziada, ila kilileta dalili za ini kuumia, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Habari zake zilichapishwa mwaka 2012. Watoto wachanga 31,999 wa Tanzania walihusika katika uchunguzi mwingine wa kuwapa vitamini A mara wazaliwapo. Taarifa ya mwaka 2015 ikasema haikuokoa maisha yao. Matone yatolewayo Juni na Desemba kwa watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano ni jambo jingine, nayo yaendelee. Na mwaka 2024 tukaletewa habari njema ya kalisi: wajawazito 11,000 wa Tanzania na 11,000 wa India walionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku humkinga mama na kifafa cha mimba karibu sawasawa na miligramu 1,500.

Funzo ni moja. Kipimo sahihi, tena mara nyingi kipimo kidogo na cha bei ndogo, humfaa mama. Kuzidisha hakumfai, na pengine humdhuru. Vitamini A ya kupita kiasi katika miezi ya mwanzo ya mimba yaweza kumharibu mtoto tumboni. Lakini biashara ya chupa imejengwa juu ya imani iliyo kinyume kabisa, kwamba penye kingi pana heri, na kwamba chupa ya ghali hushinda ya rahisi. Chukua baadhi ya chupa hizo usome nyuma yake: utaona vipimo vinavyozidi mahitaji ya siku mara kadhaa. Utaona pia werevu wa ajabu. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia chakula ilitolewa iliyokuwa TFDA ikapelekwa Shirika la Viwango, na TFDA ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mwenye chupa akaukalia mpaka huo. Akiulizwa na mtu wa dawa, yeye auza chakula. Akisimama mbele ya mama mjamzito, yeye auza dawa. Ofisa wa pande hizo mbili angefanya jambo la maana kama angeacha kiti chake asubuhi moja, akavaa shati la kawaida, akasimama Mtaa wa Kongo kwa saa moja tu akisikiliza.

Wapo pia wasemao kwamba yote haya ni maneno ya wazungu, kwamba bibi zetu walizaa bila vidonge na chakula kinatosha. Mimi ni mtetezi wa chakula kuliko wao. Mwaka 1975, mwaka ule ule lilipofunguliwa soko la Kariakoo lililobuniwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli, nchi hii iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, miaka miwili baada ya Mtu ni Afya, na watu wazima wakakusanyika vijijini kuzunguka redio kujifunza habari za maharage na mchicha. Ilikuwa kazi ya heshima. (Na jina lenyewe la Kariakoo, tusisahau, latokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi na kufa kwa wingi kwa maradhi na chakula kibaya. Mahali hapa pana historia ndefu ya watu kubebeshwa mizigo bila kulishwa.)

Lakini tuangalie chakula kama kilivyo, si kama kilivyo kwenye hotuba. Ugali wa mji huu ni wa sembe, mahindi yaliyokobolewa hadi yakawa meupe kama karatasi, na makapi yaliyobeba vitamini yakapelekwa kwa kuku. Dona tumeliita chakula cha shuleni na cha jela. Huo weupe tuupendao umetoka wapi kama si katika kasumba? Kisha mama hunywa chai ya rangi pamoja na mlo huo huo, na chai huzuia mwili kuchukua madini chuma ya kwenye mboga. Malaria na safura navyo vinamla damu. Katika upimaji wa taifa wa 2015 na 2016, wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu, na watoto 58 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano. Kwa mwili uliopungukiwa namna hiyo, fungu la mchicha peke yake halitafidia deni katika miezi tisa. Mchicha, kunde na dagaa ni wa kila siku, na kidonge ni cha miezi ile ya mzigo mzito. Hakuna ugomvi kati yake.

Na ule udongo? Wajawazito 971 wenye virusi waliwahi kuulizwa hapa Dar es Salaam, na karibu 3 katika kila 10 walikiri kula udongo; waliokula walikuwa na upungufu wa damu zaidi. Tusiwacheke. Pemba ni bei ya sarafu, na haiishi mezani. Kidonge cha kuongeza damu ni bure, na huisha.

Hapo ndipo penye aibu yetu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema kwamba huduma kwa mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Chama hakikusema bure ikiwapo. Mke wangu alipokuwa mjamzito alikwenda kliniki moja ya jiji hili, akapimwa, akaandikiwa chuma na foliki asidi kwenye kipande cha karatasi, akaambiwa akanunue nje kwa kuwa vimekwisha. Nje ilikuwa hatua chache kutoka langoni. Kijana wa dukani aliitazama karatasi, akaitazama nguo ya mke wangu, akaweka juu ya kaunta chupa yenye picha ya mzungu anayecheka na tumbo lake. Hiki, mama, ndicho wanachotumia watu wa maofisini. Alirudi nayo. Mimi, niliyesoma chuo kikuu na ninayeandika habari za kujitegemea, niliiona mezani nikafurahi. Nilikuja kusoma nyuma ya chupa baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo ninaposema kasumba, najua ninachokisema.

Tena iko habari ya foliki asidi, nayo yawahusu walimu kuliko waganga. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, siku ambazo mama mwenyewe bado hajui kama ni mjamzito. Ukikosa kufungika vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani. Wodi ya watoto hao katika Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili si mahali pa kwenda na moyo mwepesi. Utafiti mkubwa wa nchi saba, uliotangazwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba foliki asidi ikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake hupunguza hatari hiyo kwa asilimia 72 kwa akina mama ambao tayari waliwahi kuzaa mtoto wa namna hiyo. Mama afikaye kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, hata akipewa mfuko mzima wa vidonge, kwa jambo hili amechelewa.

Serikali ililiona hilo, ikatunga kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubisho katika vyakula, na Mei 2013 Rais Kikwete akauzindua mpango huo kitaifa. Unga wa ngano wa viwanda vikubwa hutiwa foliki asidi na madini chuma. Vizuri. Lakini nani hula mkate kila asubuhi, na nani hula ugali wa mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya mtaa? Mashine hizo ndogo, zinazowasagia wananchi walio wengi, nyingi zao hazitii kitu. Mtu wa maofisini hupata foliki asidi ndani ya chapati yake bila kujua; binti wa Vingunguti na Tandale, atakayezaa kesho, huikosa ndani ya ugali wake, naye bila kujua. Huo ni utabaka, hata kama hakuna aliyeukusudia, na huondolewa kwa kumpa mwenye mashine ndogo kifaa na virutubisho kwa bei nafuu, na kumkagua.

Mwalimu wa sayansi wa darasa la saba au kidato cha pili anaweza kulisema jambo hili kwa dakika kumi, ubaoni, kwa wasichana na wavulana pamoja. Halihitaji semina wala posho.

Na watumishi wa halmashauri je? Desemba 2017, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alitia sahihi na wakuu wa mikoa mkataba wa lishe. Halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Shilingi elfu moja! Bei ya chapati chache. Mkataba ulifanywa upya mwaka 2022. Kutenga katika kitabu cha bajeti ni jambo moja na kutoa fedha ni jingine. Mtumishi yeyote wa ofisi ya fedha asomaye makala hii anajua kwa nini fungu la lishe ndilo rahisi kukatwa robo ya mwaka inapobana. Hukatwa kwa sababu mtoto aliye tumboni haji ofisini kulalamika, na mama yake anadhani kwamba kukosa kidonge ni bahati mbaya tu.

Nasikia visingizio tayari: Bohari imechelewa, mfumo wa maombi ulikuwa haufanyi kazi, mganga mfawidhi alikuwa likizo. Kijana wa Kariakoo mwenye meza ya mbao, asiye na kompyuta wala gari la Serikali, hajapata kuishiwa chupa. Bidhaa yake husafiri bahari nzima ikamfikia mezani kabla ile ya kwanza haijaisha. Kidonge chetu hushindwa kusafiri kutoka Keko hadi Buguruni.

Basi kila mtumishi na kila mwalimu aliye mjumbe wa kamati ya zahanati, au mwenye nafasi ya kusema katika mkutano wa mtaa, aulize maswali haya kwa sauti, na ataka majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: vidonge vya wajawazito viliisha tarehe ngapi katika zahanati hii, viliombwa tarehe ngapi, vilifika tarehe ngapi, na kati ya tarehe hizo ni akina mama wangapi waliopewa kipande cha karatasi wakaonyeshwa duka.